Tazama Sufuria, Si Maji

Ukoko ukilala usiku mzima kwenye sufuria, asubuhi hautoki kwa maji matupu. Hurowekwa, ukasuguliwa kwa kumbi la nazi, ukasuuzwa mara ya kwanza, ya pili na ya tatu, mpaka maji yanayomwagwa uani yanatoka meupe. Mtoto aliyepewa kazi hiyo huyaonyesha maji hayo kwa fahari: mama, yametoka safi. Mama hayaangalii. Huichukua sufuria, akaigeuzia mwanga wa mlangoni, akapitisha kidole pale ukuta unapokutana na kitako, kisha akainusa, kwa kuwa jana ilichemshiwa samaki na shombo haina rangi. Aghalabu humrudishia mtoto bila kusema neno.

Mwaka 1993 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA, iliwaandikia wakaguzi wake mwongozo mfupi wa kukagua namna viwanda vya dawa vinavyothibitisha usafi wa mitambo yake. Ni maandishi makavu, ya kemia na nyaraka. Lakini katikati yake umo mfano uliotoka jikoni: sufuria chafu, hasa iliyokaukiwa na mabaki, haihukumiwi kwa kutazama maji ya kusuuzia. Hutazamwa sufuria yenyewe. Aliyeandika maneno hayo hakulijua jamvi wala mbuzi ya nazi, ila alikuwa na mama.

Kazi ya mkaguzi huyu haina shangwe. Akiifanya vyema, hakuna kinachotokea: mgonjwa humeza kidonge chake, akapona au asipone kwa sababu nyingine. Mimi naihusudu kwa jambo moja. Kati ya mita 20 za mraba za chuma kinachong'aa, mkaguzi hodari hujua ni sentimita zipi 25 za mraba za kuuliza.

Tuanze na sababu ya kazi yenyewe. Kiwanda cha dawa mara nyingi hakina mtambo mmoja kwa kila dawa. Chungu kilekile cha kuchanganyia poda, kikaushio kilekile na mashine ileile ya kufyatua vidonge hutengeneza leo dawa ya kisukari, wiki ijayo dawa ya maumivu. Kati ya dawa na dawa mtambo huoshwa. Kama haukuosheka, anayemeza dawa ya maumivu humeza pia chembe ya dawa asiyoandikiwa, na hajui. Zamani hofu kubwa ilikuwa juu ya penisilini, ambayo hata kiasi kidogo humdhuru mwenye mzio nayo, na juu ya homoni na steroidi kali. Sheria za Marekani za mwaka 1963 tayari zilidai mitambo itunzwe katika hali ya usafi. Ila kudai usafi ni jambo moja, kuuthibitisha ni jingine.

Tofauti hiyo ilijulikana kwa uchungu mwaka 1988. Dawa ya unga iitwayo kolestiramini, ya kupunguza lehemu mwilini, iliondolewa sokoni Marekani kwa sababu ndani yake mlikutwa mabaki ya kemikali za kutengenezea viuatilifu vya mashambani. Hakuna aliyetia sumu kwa makusudi. Kiwanda kilikuwa na desturi ya kuvuna tena viyeyushi vilivyokwisha kutumika na kuvihifadhi mapipani. Mapipa yaliyobeba viyeyushi vya kazi ya viuatilifu yalikuja kubeba viyeyushi vya kazi ya dawa. Yaliyokuwamo hayakupimwa ipasavyo, na hakuna aliyekuwa amethibitisha kwamba njia ya kuyaosha mapipa inayaosha kweli. Kisha sehemu ya dawa hiyo iliyochafuka ikasafirishwa kwenda kukamilishwa kiwanda kingine ambako viuatilifu havikuwa vikitengenezwa. Huko ikaingia kwenye kikaushio ambacho hewa ya moto huipuliza poda ndani ya mfuko wa kitambaa. Mfuko ukashika uchafu, na matoleo mengine yaliyokaushiwa humo yakachafuka nayo.

Kisa hiki kina darasa zima la ukaguzi ndani yake. Uchafu haukukaa kwenye chungu kikubwa ambacho kila mgeni angeonyeshwa. Ulikaa kwenye pipa, chombo ambacho watu hukiona ni cha kubebea tu, na kwenye kitambaa, kitu kisicho chuma. Nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Kiwanda nacho si ukumbi wake wa wageni.

Mkaguzi mzuri, basi, haanzii kwenye mtambo. Huanzia mezani, akiomba utaratibu wa kuosha ulioandikwa, na huusoma kama mpishi anavyosoma maelekezo ya pilau ya mtu mwingine, akitafuta kilichorukwa. Maji ya joto gani? Kwa dakika ngapi? Sabuni kiasi gani katika lita ngapi? Chombo kinasuguliwa kwa kitu gani, na nani? Mwaka 1959 mkemia Mjerumani Herbert Sinner alieleza kwamba kuosha kokote kunasimama juu ya mambo manne: muda, joto, kemikali na nguvu ya kusugua. Ukipunguza moja, lazima uongeze jingine. Kila mfua nguo analijua hilo kwa viganja vyake. Utaratibu unaosema tu "osha mpaka kiwe safi" haujasema lolote, maana umemwachia mwoshaji aamue yote manne, na mwoshaji wa zamu ya usiku si yule wa asubuhi.

Hapo ndipo lilipo neno gumu la kazi hii, uthibitishaji. Kukuta mtambo safi leo hakuthibitishi kitu. Kiwanda hutakiwa kuonyesha kwamba njia yake, ikifuatwa kama ilivyoandikwa, huleta matokeo yaleyale kila mara, na desturi iliyozoeleka ni kuonyesha hivyo mara 3 mfululizo baada ya uzalishaji wa kweli. Tena si kwa dawa iliyo rahisi kuosheka. Huchaguliwa iliyo mbaya kuliko zote: isiyoyeyuka kwenye maji, inayoganda, au iliyo kali hata kwa kiasi kidogo. Na huulizwa swali la ukoko: mtambo ulikaa saa ngapi ukiwa mchafu kabla ya kuoshwa? Kama majaribio yote yalifanywa saa 2 baada ya kazi kuisha, halafu daftari la mashine linaonyesha kwamba Jumamosi hadi Jumatatu mtambo hulala na poda yake, basi majaribio hayo yaliosha sufuria nyingine.

Kisha mkaguzi huingia ndani, na hapa ndipo napenda kuitazama kazi yenyewe. Zana zake ni chache: tochi, kioo kidogo chenye mpini mrefu kama cha daktari wa meno, na magoti yasiyoogopa sakafu. Ukuta mpana wa chungu huutupia jicho mara moja. Ukuta laini ulionyooka huosheka wenyewe. Macho yake huenda chini ya mdomo wa mfuniko, kwenye gasketi ya mpira inayofinywa kati ya bomba na bomba, kwenye ekseli ya pangaboi pale inapoingia ndani ya chungu. Hutafuta bomba kipofu, lile tawi lililozibwa mwisho baada ya mtambo kubadilishwa miaka iliyopita, ambalo maji hupita mlangoni mwake bila kuingia, kama upepo unavyopita mdomoni mwa kichochoro kisicho na njia ya pili. Huikagua koki ya tufe. Ndani yake mna tufe lenye tundu la kupitishia maji. Ukiifunga, tundu hugeuka upande na kufungia kilichomo. Kwa nje koki inang'aa, nayo imekumbatia dawa ya jana.

Mitambo mingi mikubwa haioshwi kwa mkono. Kichwa chenye matundu huning'inizwa ndani ya tangi na kunyunyizia maji kila upande. Hapo mkaguzi huuliza: mnajuaje kwamba maji yanafika kila mahali? Jibu zuri la swali hilo ni miongoni mwa mambo ya kupendeza katika ufundi huu. Wanaojua kazi hupaka ndani ya tangi maji yenye riboflavini, ile vitamini B2, ambayo ni ya manjano mchana na hung'aa kijanikijani ikimulikwa kwa taa ya urujuanimno. Kisha tangi huoshwa kwa maji kama kawaida, na mtu huchungulia gizani na taa yake. Palipofikiwa na maji pana weusi mtupu. Palipokosa panawaka. Mara nyingi huwaka nyuma ya pangaboi, ambako chuma chenyewe kimekinga mvua, na juu kabisa, shingoni mwa tundu la mfuniko. Kivuli cha maji huonekana kama kivuli cha mti mchana. Mahali hapo panapowaka ndipo mkaguzi atakapotaka kuona sampuli imechukuliwa.

Sampuli huchukuliwa kwa kijiti chenye kitambaa nchani. Si pamba ya kusafishia masikio, kwa kuwa pamba huacha nyuzi, na gundi inayoshikilia kichwa cha kijiti iliwahi kugundulika kuvuruga vipimo vya maabara. Kijiti hulowekwa kwenye kiyeyushi kinachoijua dawa inayotafutwa. Kisha hupitishwa juu ya mraba wa sentimita 5 kwa 5, mistari ikikaribiana kama ya jembe la ng'ombe, kutoka kushoto kwenda kulia. Kijiti hugeuzwa upande wa pili, mistari ikapigwa tena kutoka juu kwenda chini. Ni kazi ya sekunde chache na huonekana ya kitoto. Lakini mkaguzi humtazama mpigaji mkono wake. Anabonyeza kiasi gani? Anatoka nje ya mraba? Ameusahau upande wa pili?

Maana mkono nao hupimwa. Maabara huchukua kibamba cha chuma kilekile cha mtambo, hudondoshea kiasi cha dawa kinachojulikana, huacha kikauke, kisha humwambia mpigaji: futa. Akiweza kuinua 70 katika kila 100, basi namba zake zote za mtambo zitarekebishwa kwa kipimo hicho. Kiwanda ambacho hakikufanya jaribio hili kina namba nzuri ambazo hakuna ajuaye zina maana gani. Na gasketi ya mpira haiachii dawa kama chuma, hivyo nayo yataka jaribio lake.

Maji ya kusuuzia hayatupwi moja kwa moja. Yanafaa kwa mabomba marefu ambamo mkono hauingii, na kwa mapango yasiyofunguka. Lakini maji huleta habari za kilichokubali kuyeyuka, si za kilichokataa. Sufuria yenye ukoko uliogandia inaweza kutoa maji ya kunyweka.

Sasa, kiasi gani ni kingi? Tufanye hesabu moja, ya kubuni lakini yenye mwendo wa kweli. Dawa ya kwanza dozi yake ndogo ni miligramu 10. Kanuni moja ya zamani husema katika dozi ya siku ya dawa inayofuata isiingie zaidi ya sehemu 1 kwa 1,000 ya dozi hiyo, yaani miligramu 0.01. Dawa inayofuata inatengenezwa kilo 200 kwa mkupuo, na mgonjwa humeza gramu 1 kwa siku, hivyo ni dozi 200,000 za siku. Zidisha: mtambo mzima unaruhusiwa kubaki na gramu 2. Mtambo huo una mita 20 za mraba zinazogusana na dawa, ambazo ni sentimita 200,000 za mraba. Gawanya: mikrogramu 10 kwa kila sentimita ya mraba.

Wataalamu wa kampuni ya Eli Lilly, Fourman na Mullen, waliandika mwaka 1993 kwamba jicho huanza kuona mabaki kwenye takriban mikrogramu 4 kwa sentimita ya mraba. Basi katika mfano wetu jicho linatosha: kabla mabaki hayajafika kiwango cha hatari, mtu mwenye tochi ameshaona ukungu mweupe. Sasa badilisha jambo moja tu. Dawa ya kwanza iwe kali, dozi yake miligramu 0.1. Hesabu ileile huleta mikrogramu 0.1 kwa sentimita ya mraba, mara 40 chini ya uwezo wa jicho. Mtambo mzima sasa unaruhusiwa miligramu 20, uzito wa punje moja ya mchele au karibu yake. Saga punje hiyo iwe vumbi, itawanye kwenye sakafu ya chumba cha mita 4 kwa 5, halafu ualike watu waje wakuambie kama chumba ni kisafi.

Ndiyo maana mkaguzi hataridhika na namba iliyonakiliwa. Viwanda vingi viliishi miaka mingi kwa kusema "sehemu 10 katika milioni" kama dua, bila kueleza imetoka wapi. Tangu mwongozo wa mwaka 2014 wa mamlaka ya dawa ya Ulaya, fikra zimesogea: kikomo kianze kwenye sumu ya dawa yenyewe, yaani kiasi ambacho mtu angeweza kukimeza kila siku maisha yake yote bila kudhurika, si kwenye mgao wa dozi. Mkaguzi huuliza kikomo kimetoka wapi kama mzazi anavyouliza fedha zimetoka wapi.

Na hesabu hiyo nzuri ina udhaifu mmoja ambao fundi wa kweli hausahau hata siku moja: imegawanya uchafu sawasawa juu ya chuma chote. Uchafu haujui kugawana. Unajikusanya kwenye kona. Kwa hiyo maabara inaweza kupima kwa ustadi wa ajabu, na namba zikawa za kweli kabisa, halafu zote zikawa habari za mahali pasipo na shida. Ukichukua sampuli katikati ya ukuta, utashinda daima.

Yakibaki makaratasi, hapo pia hutazamwa sufuria. Ripoti ina majedwali yaliyopambwa, kila mstari umefaulu. Mkaguzi huomba michoro ya mashine ya kupimia, na daftari la siku ile. Wakati mwingine humo hukutwa kwamba sampuli ya kwanza ilifeli, mtambo ukaoshwa tena, ya pili ikafeli, ukaoshwa tena, ya tatu ikafaulu, na ya tatu ndiyo iliyoingia kwenye ripoti. Mwongozo wa 1993 unaikataza tabia hiyo waziwazi: kupima mpaka kitoke safi kunaweza kuwa ushahidi kwamba njia haijathibitishwa. Umeosha, ndiyo. Lakini kesho utajuaje kama ni kuosha mara moja au mara tatu? Hutazamwa pia sabuni, kwa kuwa sabuni iliyobaki ni uchafu mpya, na muuzaji wake akificha kilichomo hakuna atakayejua atafute nini.

Haya si mambo ya mbali. Dawa nyingi tunazomeza Dar es Salaam, Mombasa au Bujumbura zimevuka bahari, na wakaguzi wa nchi zetu husafiri kuvitazama viwanda vya huko kabla ya dawa kusajiliwa. Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki siku hizi hufanya baadhi ya kaguzi hizo kwa pamoja, mkaguzi wa Kampala akiwa na wa Dodoma mbele ya tangi moja. Hapo hakuna anayemwakilisha mnunuzi aliye kwenye duka la dawa la kijijini isipokuwa wao na tochi yao.

Lakini zana kubwa ya mkaguzi si tochi. Ni mwoshaji. Baada ya mameneja kueleza kwa picha ukutani, mkaguzi aliyekomaa humtafuta mtu mwenye mabuti ya mpira na vidole vilivyokunjamana kwa maji, akamwamkia vizuri, akamwomba amwonyeshe anavyofungua ile koki. Hamuulizi kama kumtega. Anajua mtu huyu ndiye anayeifahamu gasketi inayoshika rangi, pembe inayotaka brashi ndogo, na siku ambazo maji ya moto hayafiki joto lililoandikwa. Kama mwoshaji anafungua koki bila kutazama, akiweka vipande kwenye meza kwa mpangilio wake, na kusema "hapa ndipo panaponisumbua", mkaguzi amepata alichokijia. Kama mwoshaji anatazama uso wa meneja kabla ya kujibu, amekipata pia.

Mwisho hufika kwenye mtambo uliooshwa unaosubiri kazi. Umefungiwa lebo: SAFI. Imeandikwa dawa ya mwisho kupita humo, namba ya toleo, siku na saa ya kuoshwa, sahihi ya aliyeosha na ya aliyehakiki. Chini kabisa pana tarehe ambayo usafi wenyewe utaisha. Jikoni sufuria iliyofunikwa ni safi mpaka itakapopikiwa. Kiwandani vumbi hutua, na tone la maji lililosahauliwa kitakoni huzaa vijidudu siku baada ya siku, hivyo usafi nao huhesabiwa siku zake. Mkaguzi huisoma lebo hiyo polepole, mstari kwa mstari, na kunakili saa katika daftari lake. Kila kitu kimejazwa, kwa mwandiko mzuri.

Kisha huwasha tochi na kuomba mfuniko ufunuliwe. Lebo nayo ni maji ya kusuuzia.